Kutembelea Capitol ya Texas: mpangilio wa matembezi, kutoka bustanini hadi chini ya ardhi

Capitol ni jina wanaloliita Wamarekani jengo ambamo bunge la jimbo hukutana. La Texas liko Austin, lilifunguliwa mwaka 1888, na linastahili nusu siku yako nzima. Kuingia ni bure, kuongozwa ni bure, na mlangoni hakuna anayeuliza uraia wala kitambulisho. Kwa Waswahili wanaoishi Houston au Dallas ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo: kilomita 265 hivi kutoka Houston, 315 kutoka Dallas. Tatizo ni barabara ya I-35 inayotoka Dallas, ambayo hujaa magari karibu na Austin asubuhi na jioni, kwa hiyo ongeza saa nzima kwenye hesabu yako.

Wageni wengi huingia, husimama katikati, hutazama juu, hupiga picha, na baada ya dakika ishirini wako nje. Wanaondoka bila kuona sehemu kubwa ya jengo, kwa sababu vilivyo bora viko ghorofa ya pili, ya tatu, na chini ya ardhi. Tenga saa tatu, nne ukitaka kusikiliza mjadala.

Wakati wa kwenda

Bunge la Texas halikai mwaka mzima. Kikao cha kawaida hufanyika miaka yenye namba witiri tu, kikianza Jumanne ya pili ya Januari, kwa siku zisizozidi 140. Kikao cha 2027, kwa mfano, kinaanza tarehe 12 Januari, na siku ya 140 inaangukia 31 Mei. Ukitaka kuona wabunge wakibishana na kupiga kura, usiende Januari. Katiba ya jimbo inazuia miswada ya kawaida kupitishwa katika siku 60 za mwanzo, isipokuwa ile ambayo gavana ameitangaza kuwa ya dharura, kwa hiyo wiki za kwanza ni za taratibu tu. Mijadala hupamba moto Aprili na Mei. Ubaya wa miezi hiyo ni kwamba foleni ya ukaguzi ni ndefu, shule huleta wanafunzi kwa mabasi, na lifti hujaa.

Anayependa usanifu, uchoraji na utulivu aende mwaka wenye namba shufwa, au mwishoni mwa wiki. Julai na Agosti joto la Austin hufika nyuzi 35 hadi 40, kwa hiyo bustani itembelewe kabla ya saa nne asubuhi. Na kati ya Septemba na Novemba, angalia kwanza kama Chuo Kikuu cha Texas kina mechi ya nyumbani Jumamosi hiyo. Uwanja wao uko karibu, na siku ya mechi pa kuegesha gari ni shida mji mzima.

Kufika na kuegesha

Jengo liko mwisho wa barabara ya Congress, inapokutana na mtaa wa 11. Gereji ya wageni iko 1201 San Jacinto Boulevard, kati ya mtaa wa 12 na wa 13, upande wa mashariki. Saa mbili za kwanza ni bure, kisha unalipia. Usikimbizane na hizo saa mbili. Lipa ziada utembee kwa raha. Nafasi zilizo ndani ya uwanja wenyewe ni za wabunge na wafanyakazi, na gari la mgeni huvutwa. Aliyekuja kwa ndege anaweza kupanda basi namba 20 la CapMetro, shirika la usafiri la Austin, kutoka uwanja wa ndege hadi katikati ya mji.

Mlangoni utapita kwenye lango la kukagua chuma, na mkoba utapita kwenye mashine. Kisu cha mfukoni kiache garini. Kuna jambo moja huwashtua wageni kutoka kwetu: raia mwenye leseni ya kubeba bastola ana njia yake pale mlangoni, na ni halali kwake kuingia nayo. Ukimwona mtu wa kawaida na silaha kiunoni, usishtuke wala usiite askari.

Anza nje, upande wa kusini

Hata kama umeegesha mashariki, zunguka hadi lango la kusini kwenye mtaa wa 11. Huko ndiko jengo lilikokusudiwa kutazamwa, mwisho wa njia pana yenye vigae vyeusi na vyeupe vya umbo la almasi. Simama uangalie rangi ya jiwe. Mpango wa awali ulikuwa kutumia mawe ya chokaa ya karibu na Austin, lakini yalikuwa na chembe za chuma, nayo yakipata hewa na mvua hutoa michirizi ya kutu. Wenye mlima wa granaiti nyekundu huko Burnet, karibu na Marble Falls, wakatoa jiwe lao bure. Mawe ya chokaa yakaishia ndani ya kuta, yasikoonekana.

Bure hiyo ilikuwa na gharama yake. Waliochonga machimboni walikuwa wafungwa. Chama cha wachonga granaiti kikagoma kwa sababu hiyo, na mkandarasi akaleta mafundi 62 kutoka Aberdeen, Scotland, kinyume cha sheria ya Marekani ya wakati huo. Jengo lenyewe halikulipiwa kwa fedha bali kwa ardhi: ekari milioni 3 za kaskazini-magharibi mwa Texas, zaidi ya kilomita za mraba 12,000, zilikabidhiwa kampuni ya matajiri wa Chicago na kuwa ranchi ya XIT. Ukilijua hilo, ukubwa wa jengo unauona kwa jicho lingine.

Juu ya kuba kuna sanamu ya Mungu wa Kike wa Uhuru, urefu unaokaribia mita 5. Ile ya mwanzo ilikuwa ya zinki, ikachakaa, ikashushwa 1985. Mwaka uliofuata nakala ya alumini ilipandishwa kwa helikopta. Sanamu ya asili iko Jumba la Makumbusho la Bullock, umbali wa dakika kumi hivi kwa miguu kuelekea kaskazini. Ukiiona kwa karibu uso wake utakushangaza: macho na pua vimekuzwa kupita kiasi, maana mchongaji alijua watu wataitazama kutoka mita 90 chini.

Kabla ya kuingia, tafuta mnara wa kumbukumbu wa historia ya Waamerika Weusi kwenye nyasi za kusini. Ulizinduliwa 2016, kazi ya mchongaji Ed Dwight, yule rubani Mweusi aliyefunzwa kuwa mwanaanga miaka ya 1960, akanyimwa nafasi, na hatimaye akafika angani mwaka 2024 akiwa na miaka 90. Usome kutoka upande mmoja hadi mwingine kama unavyosoma mstari: unaanza na kuletwa kwa Waafrika, unafika katikati kwenye tarehe 19 Juni 1865, siku tangazo la kukomesha utumwa liliposomwa Galveston, kisha unaendelea hadi nyakati zetu. Wengi hupita mbele yake mbio wakifukuzia kuba. Upe dakika kumi na tano.

Elewa namba za ghorofa

Hapa ndipo watu hupotea. Ukiingia kwa mlango wa kusini uko tayari ghorofa ya kwanza, namba 1. Ile iitwayo G iko chini yako. Kwa hesabu ya Kimarekani, ghorofa ya pili ndiyo ambayo sisi tungeiita ya kwanza. Namba za vyumba zina maana: tarakimu ni ghorofa, herufi ni upande. 2E ni ghorofa ya pili mashariki, 3N ni ya tatu kaskazini. Namba inayoanza na E1 au E2 haina uhusiano na mashariki. Hiyo ni sehemu mpya ya chini ya ardhi. Mtu huambiwa E1 akapanda hadi juu akitafuta mashariki, kumbe alitakiwa kushuka.

Matembezi ya kuongozwa huanzia ukumbi wa kuingilia wa kusini na huchukua kati ya nusu saa na dakika 45. Siku za kazi huanza asubuhi. Jumapili huanza mchana. Mtu mmoja au familia hawahitaji kupanga mapema, ila kundi la watu kumi au zaidi liombe nafasi kabla. Tunashauri uanze na haya, kisha urudie mwenyewe polepole. Ukisubiri zamu yako, angalia sanamu mbili za marumaru za Stephen F. Austin na Sam Houston, waasisi wa Texas, kazi ya mchongaji Elisabet Ney, na mchoro mkubwa wa William Huddle unaoonyesha Jenerali Santa Anna wa Mexico akijisalimisha mwaka 1836.

Chini ya kuba

Sakafu ni ya terazo (saruji yenye vipande vya marumaru), iliyomwagwa 1936, ina nembo za mataifa sita yaliyowahi kuitawala Texas: Uhispania, Ufaransa, Mexico, Jamhuri ya Texas, Majimbo ya Shirikisho la Kusini (yaliyojitenga na Marekani), na Marekani. Nyota ya katikati ni ya Jamhuri. Simama juu yake, tazama mbele badala ya juu, na useme neno kwa sauti ya kawaida. Kuba linairudisha sauti mahali pale pale, hivyo utajisikia kama unazungumziwa sikioni. Sogea hatua mbili na hali inabadilika. Kukiwa na kundi la wanafunzi hutasikia chochote, kwa hiyo fanya jaribio hili mapema asubuhi au jioni. Nyota ndogo unayoiona juu kabisa ina upana wa karibu mita 2.4.

Picha za magavana zimezunguka kuta ghorofa kwa ghorofa. Ya gavana mpya hutundikwa chini, na hapo nyingine zote husogezwa nafasi moja. Ukipanda, unarudi nyuma katika historia. Panda kwa ngazi, si lifti, na uangalie bawaba za shaba za milango: zilitengenezwa maalumu, na zimeandikwa jina la jengo.

Kumbi mbili za bunge

Ghorofa ya pili, Baraza la Wawakilishi liko magharibi na Seneti iko mashariki. Baraza lina viti 150, Seneti ina 31. Katika ukumbi wa Baraza, nyuma ya kiti cha Spika, kuna nafasi ya bendera ya vita vya San Jacinto vya 1836, ambamo Texas iliishinda Mexico. Bunge lisipokaa huonyeshwa nakala. Inua macho kwenye taa za dari: ncha za nyota zina herufi zinazounda neno TEXAS. Seneti bado inatumia meza za mti wa jozi za tangu 1888. Kwenye kuta zake kuna michoro miwili mikubwa ya vita ya Henry McArdle, na picha ya Barbara Jordan, mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Seneti hiyo, mwaka 1966.

Bunge likiwa linakaa, wageni hawaingii ukumbini. Panda ghorofa ya tatu kwenye roshani. Simu izimwe sauti, chakula na mabango yabaki nje, na usipige makofi hata ukifurahi namna gani, maana askari watakutoa. Seneti ikipiga kura kwa kuita majina, angalia vidole: kimoja ni ndiyo, viwili ni hapana. Katika Baraza kura huonekana kwa taa kwenye ubao. Wabunge wakionekana wanatembea na kupiga soga huku mmoja akihutubia, usidhani kikao kimevunjika. Kazi nyingi imekwisha fanyika kwenye kamati, na kamati hukutana chini ya ardhi.

Mgeni haruhusiwi kupita ghorofa ya nne kuelekea ndani ya kuba. Hata hivyo panda hadi hiyo ya nne, usimame ukingoni, utazame nembo zile za sakafuni. Ni kutoka hapo tu ndipo mchoro wote unaonekana mzima.

Shuka chini ya ardhi

Mwaka 1983 moto uliozuka nyuma ya ukumbi wa Seneti ulimuua mtu mmoja na nusura uliangamize jengo. Vyumba vilikuwa vimegawanywa hovyo kwa mbao ili wafanyakazi wote wapate ofisi, na nyaya zilikuwa za zamani. Jibu la jimbo lilikuwa kuchimba: sehemu mpya ilikamilika 1993 upande wa kaskazini, ghorofa nne kwenda chini, eneo lake likiwa karibu mara mbili ya jengo la juu. Ofisi zikahamia huko, na jengo la zamani likarejeshwa katika sura yake kufikia 1995.

Shuka kwa lifti hadi E1. Kuna duka la zawadi, mkahawa unaohudumu siku za kazi, na uwanja wa duara ulio wazi juu, uliochorwa kama kuba lililogeuzwa. Mikutano ya kamati iko wazi kwa umma. Ratiba hubandikwa mlangoni. Ingia kimya, kaa nyuma.

Kwa picha za nje, jua la jioni ndilo huifanya granaiti iwake. Nenda kusini kwenye barabara ya Congress, kwani sheria huzuia majengo marefu yasizibe mionekano kadhaa ya kuba. Droni haziruhusiwi juu ya eneo hili. Ukifika daraja la Congress machweo kati ya Machi na Oktoba, kaa hapo hapo: popo kwa mamia ya maelfu hutoka chini yake, na kuba linaonekana nyuma yako kaskazini.