Shingo baada ya ajali ya gari: lini itulizwe, lini ichezeshwe

Kwenye ajali za barabara ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, kuanzia Kitonga hadi Tunduma, shingo huumizwa mara mbili: kwanza na gari, kisha na mikono ya waokoaji. Majeruhi anavutwa makwapa kupitia dirishani, anakalishwa, anapewa maji, anapakiwa kwenye pikapu kichwa kikining'inia. Halafu yule ambaye misuli yake imevutika tu, asiye na mfupa uliovunjika, anavishwa kola ya kushikilia shingo mwezi mzima na kukatazwa kugeuka, mpaka shingo inakakamaa kweli. Yote mawili ni makosa. Kazi yako ni kujua uko upande gani.

Hatua ya 1: Eneo la ajali

Kwanza zuia ajali ya pili. Kwenye mteremko kama wa Inyala, Iwambi au Mlima Nyoka, lori linalofuata linaweza kuwa na breki zilizopata moto. Mtume mtu apande juu mbali akaweke matawi na kupunga kitambaa. Piga 112 polisi, na 114 zimamoto kama kuna aliyebanwa au mafuta yanavuja.

Usimtoe majeruhi garini isipokuwa kuna moto, mafuta yanamwagika, gari linaweza kuporomoka, au hapumui.

Mwendee kwa mbele, sio kwa nyuma. Ukimwita kwa nyuma atageuza shingo kukutazama, na huo mgeuko ndio unaoogopwa. Mwambie, "Usitikise kichwa, nijibu kwa mdomo." Mtu mmoja akae nyuma yake, aweke viganja pande zote mbili za kichwa, vidole vimetanuliwa, viwiko vimeegemezwa kwenye kiti au mapaja ili mikono isichoke. Ashike tu, asivute juu. Kichwa kikiwa kimepinda na kukinyoosha kunaleta maumivu au ukinzani, kiachwe kilivyo. Aliyeshika haachii mpaka mhudumu wa afya apokee.

Kumhamisha kunataka watu wanne au watano. Aliye kichwani ndiye anayehesabu, wengine wanashika bega, nyonga na magoti, wanamgeuza mwili mzima kwa pamoja kisha ubao au mlango unasukumwa chini yake. Kunja vitenge viwili viwe vigumu, weka kila upande wa kichwa, funga kamba ya kitambaa kwenye paji la uso. Usifunge kidevu: akitapika hataweza kufungua mdomo. Akitapika, mgeuze ubavu mwili wote, kichwa kikifuata kiwiliwili.

Aliyezimia na anakoroma, sukuma taya lake mbele kwa vidole vilivyo nyuma ya kona ya taya, bila kukunja kichwa nyuma. Ikishindikana, pumzi inatangulia shingo. Mtu asiyepumua hana muda wa kusubiri uti wa mgongo.

Hatua ya 2: Wewe uliyetoka kwa miguu yako

Kutembea sio ushahidi kwamba shingo iko salama. Lala au keti bila kugeuka, ujiulize:

- Una ganzi, kuchonyota au udhaifu kwenye mikono au miguu, hata kidogo na hata kama umepita?
- Mtu akibonyeza taratibu katikati ya shingo nyuma, juu ya mfupa wenyewe, panauma? Maumivu ya misuli ya pembeni ni jambo jingine.
- Una miaka 65 au zaidi?
- Gari lilipinduka, lilikuwa kasi sana, ulirushwa nje, au uligongwa na basi au lori? Kugongwa nyuma na gari dogo na kugongwa na semitrela si kitu kimoja.
- Umelewa, ulizimia, au una jeraha kubwa jingine? Mguu uliovunjika huweza kuyafunika maumivu ya shingo kabisa.

"Ndiyo" moja inatosha: shingo itulizwe, nenda hospitali umelala, wala usipande bodaboda. Kama zote ni "hapana", na wewe ni mtu mzima, geuza kichwa polepole kushoto, kisha kulia, nusu ya njia ya kutazama bega. Ukishindwa upande wowote, hospitali pia.

Hatua ya 3: Hospitali na PF3

Dharura hutibiwa kwanza. Ndugu afuatilie PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, wakati wewe unahudumiwa. Mwambie daktari kila panapouma, hata shingo "inayovuta kidogo tu", kwa sababu kisichoandikwa kwenye PF3 ni vigumu kukidai kwa bima baadaye. Tunza nakala yake, risiti na namba ya gari.

Kuhusu eksirei: shingo ina pingili saba, na picha inatakiwa ionyeshe zote mpaka inapokutana na pingili ya kwanza ya kifua. Kwa watu wenye mabega mapana, sehemu ya chini hufunikwa na mabega. Uliza, "Pingili ya saba inaonekana?" Kama haionekani, picha irudiwe au ifanyike CT scan. Kituo kisicho na mashine kikupe rufaa mapema, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya mkoa wako.

Hatua ya 4: Siku za mwanzo, mfupa ukishathibitishwa salama

Usishangae shingo kuuma zaidi kesho yake. Nyuzi za misuli na kano zilizovutika huvimba taratibu.

Parasetamoli ya miligramu 500: vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24 kwa mtu mzima. Hapa wengi hukosea. Baadhi ya dawa za maumivu, kama Diclopar, tayari zina parasetamoli ndani, hivyo ukiongeza Panadol unazidisha dozi na ini ndilo linaloumia. Soma pakiti. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au ujauzito asinywe diklofenaki wala ibuprofeni bila daktari.

Joto husaidia wengi, hasa kwenye baridi ya Juni na Julai: taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 hadi 20. Lala na mto mmoja, usilale kifudifudi.

Usikubali kuvutwa wala kukunjwa shingo, si na kinyozi, si na mkandaji. Ajali inaweza kuchana ukuta wa mshipa wa damu unaopanda kichwani, na mkunjo mmoja wa ghafla ukasababisha kiharusi. Kichwa kikikuuma kwa namna usiyoijua, kope likilegea, ukiona vitu viwili viwili, ukipepesuka au maneno yakikokota, rudi hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo mkono ukilegea au mkojo ukikataa.

Hatua ya 5: Kuichezesha

Kuanzia siku ya kwanza au ya pili, keti wima:

1. Geuza kichwa kulia mpaka pale maumivu yanapoanza, sio kuyapita. Shikilia sekunde 5, rudi, kisha kushoto. Mara 5 hadi 10.
2. Rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha uso, sekunde 5. Mara 5.
3. Bana mabega nyuma, achia. Mara 10.

Rudia mara tatu au nne kwa siku. Maumivu kidogo wakati wa zoezi ni kawaida. Yakidumu mpaka kesho, punguza.

Mizigo ya kichwani ndiyo inayowarudisha wengi nyuma. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 zinazokandamiza shingo moja kwa moja, na mkungu wa ndizi wa Tukuyu au gunia la viazi linazidi hapo. Mpaka shingo igeuke kikamilifu bila maumivu, maji yabebwe kwa madumu madogo mikononi, pande zote mbili sawa, au kwa toroli. Familia ielezwe hilo wazi, maana mama aliyerudi nyumbani akitembea huonekana mzima.

Wengi hupona ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu. Ukifika wiki ya sita bado huwezi kugeuka kutazama gari linalokuja, omba kupelekwa kitengo cha fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), ukiwa na picha zako na nakala ya PF3.