Oili ya injini kwa trekta ya zamani: kuchagua na kubadilisha, kwa wenzangu wa Mtwara na Lindi

Kuna kitu kinaniuma kila msimu wa kulima ukifika. Unakuta trekta ya Massey Ferguson 135 (MF 135) imeletwa gereji inagonga, ukimuuliza dereva mara ya mwisho mmemwaga oili lini anakujibu "tunaongezea tu bosi". Jamani kuongezea sio kubadilisha. Ile inayobaki kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ina masizi, ina vumbi la shamba, ina vyuma vilivyosagika, wewe unaijazia lita moja mpya juu yake na hiyo mpya inachafuka siku hiyo hiyo. MF 135 zilitengenezwa 1964 mpaka 1975, kwa hiyo hata ile ya mwisho mwisho ni kama ya miaka 50, na bado zinalima Nachingwea, Masasi, Ruangwa huko, na kinachozimaliza nyingi sio umri.

Tuanze dukani. Kwenye chupa kuna vitu viwili vya kusoma, namba ya SAE (uzito wa oili) na herufi za API (aina ya injini inayoifaa), na watu wetu wanasoma namba tu. Mimi nasema anza na herufi. Zikianza na C ni oili ya dizeli, mfano CF-4 au CI-4. Zikianza na S peke yake ni ya petroli, hiyo mwachie mwenye gari dogo. Ukikuta imeandikwa zote mbili kama CI-4/SL haina shida, inafaa. Sababu ni kwamba dizeli inatoa masizi mengi na oili yake ina dawa ya kuyabeba yasigande ndani, ndio maana ukimwaga mpya leo kesho ukivuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, unaona nyeusi, usishtuke, inafanya kazi yake.

Namba sasa. Kwa joto letu la pwani 15W-40 inatosha kabisa kwa injini ambayo presha yake ya oili bado ipo. Injini iliyochoka kidogo, presha inashuka ikipata moto, weka 20W-50, ila iwe ya dizeli. Namba 40 tupu nayo inakubali huku kwetu maana hatuna baridi ya kugandisha kitu, hata Newala mwezi wa 6 sio baridi ya hivyo. Ile ya bei kali ya sinthetiki huihitaji, hela hiyo bora ununue ya kawaida ubadilishe mara mbili. Na tafadhali, ile tabia ya kuweka oili ya gia namba 90 kwenye injini ili isigonge tuiache, kugonga kunapungua masikioni tu lakini oili ya gia haikutengenezwa kubeba masizi ya dizeli, na beringi zinaendelea kuliwa.

Halafu oili ya kupima, ile ya kumiminiwa isiyo na sili. Nilinunua mara moja, muuzaji akaniambia "njomba oili ni oili tu", dumu la lita 5, rangi nzuri kabisa inang'aa. Siku chache za kulima geji ya presha ya oili ikaanza kulala kila injini ikipata moto, tukashusha sampu tukakuta beringi za krenki zimechubuka zote na krenki yenyewe ina mikwaruzo. Ile hela niliyookoa kwenye oili haikufika hata robo ya nilichomlipa fundi, na msimu wa watu ulipita trekta iko juu ya mawe. Tangu siku ile nanunua yenye sili tu, nikikuta sili imelegea narudisha hapo hapo.

Kubadilisha fanya jioni ukitoka shamba, injini ikiwa na moto, maana oili ya moto inatoka na uchafu wake na ya baridi inauacha chini. Zima, subiri dakika 10 hivi usije ukaungua, trekta iwe sehemu tambarare, handibreki juu, jembe limelazwa chini. Futa vumbi lote kuzunguka plagi kabla hujaifungua. Hapa kuna kosa nimeliona zaidi ya mara moja, kijana anafungua plagi ya nyuma: kwenye MF 135 gia, difu na haidroliki vyote vinatumia oili moja iko huko nyuma na haihusiani na injini, kwa hiyo hakikisha unafungua ile ya chini ya sampu ya injini yenyewe. Weka ndoo, acha ichuruzike nusu saa, usiwe na haraka.

Wakati inachuruzika ndio wakati wa kuitazama, na hapa ndipo watu wanapoteza taarifa ya bure kabisa. Ikiwa kama chai ya maziwa maji yameingia, mara nyingi ni gaskiti ya hedi, usiweke oili mpya mpaka fundi aone. Ikiwa nyepesi sana na inanuka dizeli, au uliona kwenye dipstiki inapanda badala ya kushuka, angalia pampu ndogo ya kuvuta dizeli ile ya pembeni ya injini, mpira wake ukichanika dizeli inashukia kwenye sampu, na trekta itaendelea kulima kama kawaida mpaka siku beringi zinasema. Pitisha sumaku kwenye ndoo pia. Unga kidogo ni kawaida ya uzee, vipande sio kawaida.

Filta badilisha kila ukibadilisha oili, usiruke. Zile za kikombe zenye karatasi ndani zina mpira juu kwenye mfereji, toa wa zamani kwa ncha ya msumari ndio uweke mpya, ukiacha miwili inakaa vibaya na oili itamwagika yote ukiwa katikati ya shamba. Kama injini yako ina filta ya kuzungusha, paka oili kwenye mpira ufunge kwa mkono tu.

Injini ya MF 135, Perkins ya silinda 3, inakula kama lita 6 hadi 7 pamoja na filta. Mimina 6, pima, ongeza kidogo kidogo, usipitishe alama ya juu. Kabla ya kuwasha vuta ile waya ya kuzimia, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka presha ipande, ndio uwashe taratibu bila kupiga resi. Angalia chini kama inavuja, zima, subiri, pima tena. Wenye trekta la Ford 5000 kumbukeni pampu ya dizeli ya mstari (inline) ina oili yake ndogo pembeni, nayo inabadilishwa.

Lini ubadilishe? Kawaida inatajwa masaa 250, mimi kwa trekta iliyochoka na vumbi letu la mwezi wa 11 nafanya 150. Mita za masaa nyingi zimekufa, kwa hiyo hesabu ekari, mimi naweka saa moja na nusu kwa ekari kwa jembe la diski tatu, basi ekari 100 ndio mwisho. Kama ndio umeinunua na hujui historia yake, ile ya kwanza imwage baada ya masaa 50 tu na filta yake, maana oili nzuri inakwenda kubandua uchafu wa miaka.

Na bakuli la oili la kuchujia hewa ya injini usilisahau, oili nzuri na hewa chafu ni kazi bure. Kipindi cha vumbi lifungue kila siku, na ukipiga haro kwenye mikorosho wakati watu wanapuliza salfa usisubiri hata kesho, chini utakuta tope, lioshe kwa dizeli ujaze oili ya injini mpaka kwenye alama, isizidi.

Oili chafu funga kwenye dumu, andika, weka mbali na madumu ya maji maana huku juu kwenye uwanda wa Makonde tunajua maji yanavyopatikana, na mikono nawa na sabuni. Mimi nikimaliza naandika tarehe na hesabu ya ekari kwa rangi nyeupe ndani ya madigadi, dereva akibadilika anaikuta.