Mahindi ya kusubiria bei

Unangoja bei ya mahindi ipande? Sawa, lakini dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, naye hangoji. Anika juu ya turubai, kisha pima unyevu: tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha dakika 10 hadi 15. Chumvi ikigandia kioo, rudisha juani. Isipogandia, ongeza siku moja ya jua, maana kipimo hiki ni cha kukadiria tu. Pakia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko ya plastiki ndani, kamua hewa, funga kila mfuko wa ndani peke yake. Ya ada ya shule uza mapema, mifuko mingine usiifunguefungue. Hapo sasa ngojea bei.