Nzi wa maua wanaofanana: anza na macho, tumbo litakudanganya

Nzi wa maua ni yule anayesimama hewani pasipo kusogea, kisha anahama ghafla kama aliyevutwa kwa uzi. Rangi yake ya njano na nyeusi humfanya aonekane nyuki, lakini hana mwiba. Nyuki ana mabawa manne na vipapasio virefu. Huyu ana mawili tu, na vipapasio vifupi sana. Katikati ya bawa lake kuna mstari hafifu kama mkunjo, usioungana na mshipa mwingine kwenye ncha zake. Ukiuona huo, karibu hakuna shaka tena: ni familia ya Syrphidae.

Katika lupango za Lubumbashi, watafute asubuhi jua likiwa halijapanda, maana mwili ukiwa baridi hawakimbii haraka. Angalia karoti na shu zilizoachwa zikachanua, au lile jani la mbegu nyeusi zinazong'ang'ania suruali. Telefone iwe sentimita 10 hadi 15 kutoka kwa ua. Piga picha tatu: mgongo, ubavu, uso. Wengi hupiga mgongo peke yake, halafu wanakwama. Akikusumbua, mfunike kwa chupa angavu umweke frijini dakika 5 hadi 10, kama umeme upo. Friza itamuua.

Sasa macho. Yenye milia ya kusimama ni ya jenasi (kundi la spishi zenye undugu) Eristalinus, kwa mfano Eristalinus taeniops. Yenye madoadoa pia ni Eristalinus, lakini spishi nyingine, kama E. megacephalus. Usishangae kuwaona karibu na mfereji mchafu: funza wao hukaa majini, wakipumua kwa mkia mrefu. Kwa spishi nyingi, macho yakigusana juu ya kichwa ni dume. Yakiachana ni jike. Usihesabu hiyo kuwa tofauti ya spishi.

Macho yakiwa ya rangi moja, vuta picha uone kama yana vinyweleo. Hapa ndipo wawili huchanganywa kila siku. Betasyrphus adligatus ana macho yenye vinyweleo, na mikanda ya tumbo iliyofifia, karibu kijivu. Ischiodon aegyptius ana macho matupu na ubavu wa kifua wenye mchirizi wa njano kali, uliokatwa vizuri kama kwa rula. Dume lake lina pia kimwiba chembamba kwenye kile kipingili kifupi kilicho kabla ya paja la mguu wa nyuma. Picha ya ubavu ndiyo itakayokionyesha. Funza wa hawa wawili hula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea, kwa hiyo usiwapulizie dawa.

Mwembamba zaidi, mwenye madoa ya njano yaliyolala mshazari kwenye nusu ya nyuma ya tumbo, mfikirie Allograpta. Kadogo ka milimita 4 hadi 6, mara nyingi keusi, huenda ni Paragus.

Upana wa mikanda ya njano usiutegemee. Funza akijigeuza kuwa nzi kwenye baridi, hutoka na weusi mwingi, kwa hiyo spishi moja huweza kuonekana mbili, mmoja wa Julai na mmoja wa Novemba. Na kwa Paragus, ishia kwenye jenasi: spishi zake nyingi hutenganishwa kwa viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini, na telefone haifiki huko.