Jinsi ya kupima mtindo wa fikra na msimamo wa siasa barazani

Mpe mtu picha tatu: mbuzi ya kukunia, birika na nazi. Muulize viwili gani vinakwenda pamoja. Akichagua mbuzi na birika kwa kuwa vyote ni vyombo vya jikoni, amepanga kwa aina. Hizo ni fikra za uchambuzi. Akichagua mbuzi na nazi kwa kuwa kimoja hukuna kingine, amepanga kwa uhusiano. Hakuna jibu la kijinga hapa, na asiyekubali hilo asiendeshe zoezi hili.

Mwaka 2015 mwanasaikolojia Thomas Talhelm na wenzake walichapisha utafiti wa Marekani na China: waliberali (wanaopenda mabadiliko na uhuru wa mtu binafsi) walielekea fikra za uchambuzi kuliko wahafidhina (wanaoshikilia mila na desturi), ingawa kwa China hilo lilionekana tu kwenye miji iliyoendelea. Je, huku Mombasa, Kisauni na Mji wa Kale, hali ikoje? Jaribuni.

Andaa seti za picha tatu-tatu: 8 za kupima na 6 za kujazia (mfano, embe, papai, kiatu) ili watu wasigundue unachotafuta. Kazi ngumu ni kuzitunga. Pweza, samaki na bahari haifai, kwa sababu pweza na samaki wote ni wanyama na pia huishi pamoja. Jibu halikwambii kitu. Picha nazo zina sababu: ukiandika "mbuzi" tu, mwingine atamfikiria mnyama, ukiandika "mbuzi ya kukunia nazi", umeshampa jibu.

Kwa siasa, andika kauli 10 za kujibiwa kwa alama 1 hadi 5. Tano ziwe za jamii (mfano, kijana asioe bila ridhaa ya wazazi), tano za uchumi (mfano, matajiri watozwe kodi zaidi). Usizichanganye katika hesabu, maana mtu huweza kuwa mhafidhina wa ndoa na si wa kodi. Nusu ya kauli zigeuze mwelekeo (kukubali kuwe upande wa pili), kwani watu wetu wana adabu na hukubali tu ili wasikuvunje moyo. Chama usiulize kabisa: vyama vya Kenya havijagawanyika kwa uhafidhina na uliberali, utaishia kupima ukoo na eneo.

Nusu ya washiriki waanze na picha, nusu na kauli. Utafiti ule ule ulionyesha kwamba mazoezi mafupi ya fikra za uchambuzi husogeza maoni upande wa uliberali, kwa hiyo mpangilio wenyewe unaweza kuharibu matokeo.

Kosa kubwa zaidi ni kusahau shule. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Alexander Luria, mwanzoni mwa miaka ya 1930 kule Uzbekistan, aliwakuta wakulima wasiosoma wakikataa kuliondoa gogo kwenye kundi la nyundo, msumeno na shoka. Waliopitia masomo kidogo waliliondoa. Andika umri na kiwango cha elimu kwenye kila karatasi, jina usiandike, kisha linganisha rika na rika: mzee wa baraza na wazee wenzake, mwanachuo na wanachuo. Watu 30 watakupa mwelekeo tu, si uthibitisho.