Taa ya Upepo Ikizimika Usishangilie: Kwa Watu wa Dodoma Wanaonunua Gari Uingereza

Mbukwenyi. Niko likizo nyumbani, Nkuhungu, na kila jioni sebule inajaa vijana wanaosubiri viza ya Uingereza. Wanauliza bei ya magari, hakuna anayeuliza upepo wa tairi. Mtoto wa baba mdogo aliposikia nikiutaja alicheka: "Kaka, mimi naendesha Dodoma–Dar miaka yote, leo nifundishwe upepo?" Mdogo wangu, huko uendako miaka hiyo haihesabiki, na mtego unaanzia hapo.

Leseni ya Tanzania haibadilishwi Uingereza, wala ya Kenya au Uganda. Unaitumia miezi 12 tangu uhamie, halafu unakaa mtihani wa nadharia na wa barabarani pamoja na watoto wa miaka 17. Ukifaulu, sheria yao ya mwaka 1995 inakuhesabu dereva mpya kwa miaka miwili. Ndani ya miaka hiyo ukifikisha pointi 6 za makosa, leseni inafutwa na unaanza moja. Sasa sikia: tairi moja bovu ni pointi 3. Mawili, jumlisha mwenyewe. Kesi ikifika mahakamani, faini inaweza kuwa hadi pauni 2,500 kwa kila tairi. Si kwa gari. Kwa kila tairi.

Gari langu nililipata kwa muuzaji wa magari yaliyotumika. Dashibodi ilikuwa safi, haina taa hata moja inayowaka, na cheti cha MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka wa Uingereza, kilikuwa kipya. Baada ya muda trafiki akanisimamisha, akainama, akamulika tairi la mbele upande wa ndani: waya zimetoka. Nikamwonyesha MOT. Akanijibu kwa upole mwingi kwamba MOT inasema gari lilikuwaje siku lilipopimwa, basi. Tairi la pili nalo lilikuwa limeliwa kingo zote mbili, ila halijafika kwenye waya. Ndiyo maana bado nina leseni.

Fundi aliyeyafungua ndiye aliyenieleza mchezo wenyewe. Magari mengi hayana kipimo cha upepo ndani ya gurudumu. Yanatumia vihisio vya breki za ABS kulinganisha mizunguko, kwa kuwa tairi lenye upepo pungufu huzunguka haraka kidogo kuliko wenzake. Likigundulika, taa inawaka. Ila kuna kitufe, au sehemu kwenye skrini, ya kuuweka mfumo upya. Ukikibonyeza kabla ya kujaza upepo, umeliambia gari kwamba upungufu huo ndio hali sahihi. Taa inazimika, tairi linaendelea kuliwa. Gari langu lilikuwa limezimwa taa namna hiyo, likauzwa.

Kwa hiyo usinunue gari kwa kuangalia taa. Nenda na geji yako, pima matairi yote, kata usukani mpaka mwisho uone kingo za ndani. Muuzaji akinuna, mwache anune. Na ukishanunua, jaza kwanza, bonyeza baadaye. Jaza kwanza, bonyeza baadaye.

Baridi nayo ina ujanja wake. Joto likishuka nyuzi 10, tairi linapoteza kama PSI (kipimo cha upepo) moja na nusu. Gereji yenye joto la nyuzi 20 ikikujazia 33, ukalaza gari nje kwenye sifuri, asubuhi una 30. Na kwa sababu yote manne yameshuka pamoja, mfumo ule wa kulinganisha mizunguko unaweza usione kitu. Sisi tumezoea kinyume chake: gari lililojazwa Dar likipanda mpaka Dodoma, mita 1,100 na ushee juu ya bahari, geji inasoma karibu PSI mbili zaidi, kwa kuwa hewa ya nje huku ni nyepesi.

Namba sahihi iko kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha mafuta. Pima gari likiwa limelala angalau saa tatu, kila mwezi. Stika ikisema bar 2.3, hiyo ni PSI 33, au kPa 230. Stika ina namba mbili: ya mzigo mdogo na ya gari lililojaa. Ukienda Heathrow kumpokea mama na masanduku yake, tumia ya pili.

Namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni ya ukomo, si ya kujazia. Hapa nawasihi shemeji zangu mnaotoa ushauri kwa simu, "weka 40, ndiyo ya safari." Hiyo 40 ni ya Noah iliyotoka Kibaigwa na magunia. Mnatupenda, tunajua, lakini pointi hatugawani.

Waingereza ni watu wa pole na samahani, ila tairi lako likiwa chini watapita kimya, kila mtu na lake. Hapa Dodoma hufiki Sabasaba kabla bodaboda hajakupigia kelele, "Bosi, la nyuma!" Kule trafiki ndiye wa kwanza kukuambia, naye anakuambia akiwa na kalamu.

Vituo vingi vya mafuta vinauza upepo kwa mashine ya kadi, na mpaka ufike tairi limeshapata moto, geji inasoma zaidi ya ukweli. Angalia chini ya buti: magari mengi hayana spea, yana chupa ya dawa ya kuzibia na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari. Hiyo kompresa itumie nyumbani asubuhi kabla hujaondoka, lakini soma kwa geji yako, maana ya kwake mara nyingi hudanganya.