Bunduki ya kuwindia inatawanya risasi? Kagua mbao kabla hujaulaumu mtutu

Juni, wiki mbili kabla ya msimu kufunguliwa, kijana mmoja wa kambini kwetu alinijia na bunduki yake ya boliti (komeo la kuvuta kwa mkono), ya kiwandani, ya risasi aina ya .30-06, yenye mbao (kitako pamoja na sehemu ya mbele inayobeba mtutu), iliyotawanya matundu sentimita 12 kwa mita 100. "Kaka, mtutu umekwisha," akaniambia. Nikamjibu, "Mdogo wangu, nipe noti ya elfu mbili." Siku mbili baadaye matundu yalikuwa ndani ya sentimita 4, na tulichonunua ni msasa na vanishi tu. Ninaandika kwa sababu sentimita hizo ndizo zinazoamua kama swala pala ataanguka palepale au atakimbia na tumbo lililopasuka.

Kwanza kabisa: toa magazini, fungua boliti, tazama chemba (tundu inamokaa risasi) na utie kidole. Risasi ziende chumba kingine.

Hatua ya 1: Safisha mtutu

Ufito wa kusafishia uingie kwa upande wa chemba. Ukiingizia mdomoni utakwaruza ukingo ambapo risasi inaagana na mtutu. Kitambaa chenye dawa kikitoka na rangi ya buluu, shaba bado imo; rudia.

Hatua ya 2: Kaza skrubu

Pete za darubini niuton-mita 2 hivi, skrubu za mbao 4 hadi 5, isipokuwa kama kitabu cha bunduki yako kinasema vingine. Nunua bisibisi yenye kipimo. Sikubaliani na wanaosema mkono wao unajua. Mkono uliochoka jioni haukazi kama wa asubuhi.

Hatua ya 3: Mbao isiguse mtutu

Hapa ndipo niliwahi kupoteza siku tatu na risasi nyingi kwenye bunduki yangu mwenyewe. Dalili ni hii: risasi mbili za kwanza zinakaa pamoja, ya tatu inapanda, ya nne inapanda zaidi upande uleule. Mtutu ukipata moto unasukumana na mbao. Mbao nayo hunywa unyevu wakati wa masika, ikavimba na kupinda, kwa hiyo bunduki iliyopiga vizuri Januari inaweza kukushangaza Juni.

Pitisha noti kati ya mtutu na mbao, kutoka mbele kurudi nyuma. Ikikwama, umepata pa kuanzia. Ikipita, usifurahi mapema. Yangu ilipita kila nilipoishika mkononi, lakini nikiilaza juu ya mfuko wa mchanga mbao ya mbele ilijikunja kidogo ikagusa. Jaribu noti bunduki ikiwa imelala kama utakavyopiga. Mbao za plastiki nyepesi zina ugonjwa huo zaidi.

Usikimbilie kukwangua. Baadhi ya viwanda huacha makusudi kinundu mbele ya mbao kiusukume mtutu, na bunduki nyingine hupiga vizuri hivyo. Kata kipande cha vocha ya simu, kiweke chini ya sehemu ya mbele ya mwili wa bunduki (chuma kinachobeba boliti), ndani ya mbao, ili mtutu unyanyuke. Kaza, piga risasi tano. Matundu yakikusanyika, sasa kwangua. Yasipobadilika, toa vocha, hujaharibu kitu.

Kupata panapogusa, paka mtutu masizi ya kibatari yaliyochanganywa na mafuta kidogo, funga, kaza, fungua. Kwa kijana wangu alama nyeusi kwenye mbao ilikuwa upande wa kushoto tu, ndefu kama kidole. Zungushia msasa kwenye bomba nene kidogo kuliko mtutu, usugue hapo. Usiguse unapokaa mwili wa bunduki, wala tundu la lile jino la chini linalopokea teke. Ukilegeza hapo umeongeza tatizo. Kisha vanishi, mikono miwili au mitatu. Ukiacha mbao wazi, masika yajayo utarudi mwanzo.

Hatua ya 4: Kifyatulio

Mpelekee fundi mwenye leseni. Usikiguse.

Hatua ya 5: Chagua risasi

Nunua aina tatu, mfano greni (kipimo cha uzito wa risasi) 150, 165 na 180. Kila mtutu una chaguo lake na bei haisemi. Baada ya kusafisha, piga mbili za kuchafua mtutu ambazo huzihesabu, halafu tano kwa kila aina, ukiacha mtutu upoe. Matundu matatu hayatoshi, yanadanganya.

Hatua ya 6: Darubini

Darubini nyingi, kliki moja (mlio mmoja wa kitufe cha kurekebishia) ni takribani milimita 7 kwa mita 100. Rekebisha kwa katikati ya kundi, si kwa tundu moja.

Siku inayofuata asubuhi, mtutu ukiwa baridi, piga moja tu na uandike kwenye daftari ilipotua. Fanya hivyo asubuhi tatu. Porini hutapewa nafasi ya kupasha mtutu moto kwanza.